Theluji itakwenda wapi? Kuchagua zana ya trekta kwa njia ya nyumbani

Nyumba yetu iko mashambani kusini mwa Minnesota, jimbo la Marekani, na kutoka barabara ya kaunti hadi mlangoni ni njia ya kokoto ya mita 90 hivi. Pande zote mbili ni mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kwa hiyo upepo hauna cha kuuzuia. Tuliponunua trekta ndogo ya nguvu za farasi 25, nilidhani ndoo yake ya mbele ingetosha kuondoa theluji njiani.

Ndoo huchota na kurundika vizuri, hasa ule ukuta mzito ambao magari ya kusafisha barabara huuacha mdomoni mwa njia. Lakini kusafishia njia nzima ni kwenda na kurudi kusikokwisha, na ukingo wake huchimba kokoto. Mwezi wa Aprili tulizikusanya kokoto zetu kwenye majani kwa reki na toroli.

Bamba la nyuma, linalofungwa kwenye mikono mitatu ya trekta, ni la bei nafuu na karibu halina cha kuharibika. Unalikalisha mshazari, unaendesha kwenda mbele, na theluji inamwagika upande mmoja. Tatizo lake huonekana polepole: theluji ya Novemba uliyoiacha pembeni huganda ikawa kama jiwe, inayofuata ikakosa pa kwenda, na njia ikazidi kuwa nyembamba. Baya zaidi, kingo hizo hunasa theluji inayopeperushwa na upepo, hata asubuhi ukakuta njia imejaa ilhali usiku haikuanguka theluji mpya. Mwenye bamba basi aisukume theluji ya kwanza mbali kuliko anavyoona inatosha, ila asiifikishe barabarani, kwani sheria ya Minnesota inakataza kuweka theluji ya nyumbani kwenye barabara ya umma.

Kwa mahali pa upepo kama petu, iliyotufaa ni mashine ya kurusha theluji, inayoendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika, maana huitupa theluji shambani bila kujenga kingo. Upana wake lazima uzidi ule wa magurudumu, la sivyo yatakanyaga theluji iliyobaki na kuishindilia. Kwenye kokoto, viatu vyake vya chuma, yaani vipande vya pembeni vinavyoteleza ardhini, vishushwe ili mdomo wa mashine uinuke sentimita 2 au 3. Ina taabu zake: unaendesha kinyumenyume huku umegeuza shingo, na theluji yenye maji ya Machi huziba bomba la kuirushia nje. Hapo nazima injini, nangoja kila kitu kisimame, ndipo nazibua kwa kijiti. Mkono hauingii humo kamwe.

Jiwe likiingia, kuna boliti laini inayokatika makusudi ili sanduku la gia lisivunjike. Msimu wa kwanza sikuwa na ya akiba, nikakwama gizani katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mke wangu akichelewa zamu yake ya alfajiri. Sasa ziko nne ndani ya kopo chini ya kiti, pamoja na spana yake, na nakusihi usitie boliti ngumu mahali pake hata ukiwa na haraka.