Nazi ya Mhunzi wa Tagaung

Masomo: Mwanzo 4:8-10, Waebrania 12:24

Bwana asifiwe, wapendwa.

Ukiingia katika nyumba nyingi za Waburma, kule Myanmar, utaona nazi nzima imetundikwa ndani, imevishwa kitambaa chekundu kama kilemba. Ni ya Min Mahagiri, mlinzi wa nyumba. Maji yakikauka ndani yake, inatundikwa nyingine.

Wenyewe husimulia kwamba alikuwa mhunzi wa Tagaung, mji wa kale huko, mwenye nguvu za kutisha hata mfalme akamwogopa. Mfalme akamwoa dada wa mhunzi, kisha akamwita shemeji kwa ahadi ya cheo. Alipofika akafungwa kwenye mti, akachomwa moto. Dada mtu akajitupa motoni. Ndiyo maana ya nazi: maji yake ya baridi yampoze aliyeungua.

Wengi wa wale nat 37, yaani pepo kama huyu wanaoheshimiwa, walikufa vibaya hivyohivyo, tena mara nyingi kwa mkono wa mtawala. Familia hurithi nat wa upande wa baba na wa upande wa mama, na kuwatupa ni kujitafutia balaa. Inasimuliwa kwamba Mfalme Anawrahta wa Bagan, karne ya 11, alijaribu kuizima ibada hii akashindwa, akaishia kuwapa nat hao nafasi kwenye pagoda ya Shwezigon, hekalu la Kibudha. Amri haikufua dafu. Kejeli za mimbarani nazo, kwa maoni yangu, hazitafua.

Kwa sababu swali lenyewe ni zito: aliyeuawa bila kosa, nani atamtuliza? Mungu alimwambia Kaini, "Sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi." Waburma wamekataa kumsahau mhunzi wao, na kwa hilo siwalaumu hata kidogo. Aliyejifanya hajui ndugu yake yuko wapi ni Kaini.

Ninaposhindwa kuwafuata ni kwenye hofu ile ya nazi kukauka. Damu ya Yesu, tunasoma, hunena mema kuliko ya Habili. Naye aliuawa na wakubwa bila hatia. Lakini alipofufuka hakudai apozwe. Aliwakuta waliomkimbia wakiwa ziwani, na yeye ndiye aliyekuwa na makaa, samaki na mkate tayari.

Juma hili tuiombee Myanmar. Tangu jeshi litwae madaraka Februari 2021, nyumba nyingi huko zinamlilia mtu ambaye hakufa kwa ugonjwa wala uzee.