Abiria Walisalimika? Nilivyozipata Picha za Ndege pale Manda

Ukitaka kupiga picha za ndege zikiwa angani, usimuulize mpiga picha wa harusi. Mimi nilimuuliza mmoja, mwenye kamera ya maana na jina lake hapa Lamu, akanijibu bila kusita: "Weka shata 1/2000, funga kamera kwenye tripodi, bonyeza. Ndege ina mbio, ndugu yangu, chini ya hapo huipati." Shata ni muda ambao kamera hufungua jicho, na 1/2000 ni sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Nikamwamini. Harusi zote kubwa si ni zake?

Nikavuka kwenda Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye kiwanja cha ndege, na lenzi yangu ya mtumba ya kuvuta mbali, milimita 70 hadi 300, iliyonila elfu ishirini na kitu. Ruhusa nilishaomba nikapewa. Caravan, ndege ndogo yenye rafadha moja, ile feni ya puani, ikateremka kutoka Wilson, Nairobi, nikabonyeza, na picha zikatoka kali ajabu: herufi za usajili zasomeka, ribiti za bawa zahesabika. Nikarudi mjini kichwa kimevimba.

Jioni nikawaonyesha wazee barazani. Mmoja wao, nahodha aliyestaafu, akaisogeza kamera karibu na macho, akatazama weee, kisha akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Mwanangu, hawa abiria walisalimika?"

"Kwani wana nini, mzee?"

"Si injini imezima? Hebu tazama."

Na kweli. Rafadha ilikuwa imesimama tuli, panga moja juu na mawili chini, kama feni stima ikikatika. Baraza zima likaangua kicheko. Mpaka leo wako wanaoniita Zima Injini, na nimeshazoea.

Kisa ni hesabu tu. Rafadha ya Caravan huzunguka mpaka mara 1,900 kwa dakika, karibu mara 32 kila sekunde. Kwa shata ya 1/2000 husogea nyuzi sita hivi, sawa na kusimama. Kwa 1/125 hufuta robo ya mzunguko, na kwa kuwa mapanga ni matatu, kila moja likifuta robo yake unapata karibu duara zima. Ndipo ndege inapoonekana inaruka. Shata ya 1/2000 iache kwa ndege za jeti, ambazo hazina mapanga ya kuonekana.

Lakini kwa shata ya polepole hivyo, ndege yenyewe nayo huwa ukungu usipoifuata na kamera. Aliyenifungua macho ni binamu yangu wa Abu Dhabi. Yeye alizipiga mbio za ndege za Red Bull kabla hazijakoma mwaka 2019, zile ambazo rubani hupita chini kabisa katikati ya nguzo za kitambaa zilizojazwa upepo, mita 25 kwenda juu, kwa mwendo unaofika kilomita 370 kwa saa. Akanitumia sauti kwenye WhatsApp, anacheka: "Tripodi mrudishie bwana harusi! Zungusha kiuno, mikono itulie. Anza kumfuata rubani angali mbali, macho yako yasitoke kwenye kioo chake. Bonyeza huku unazunguka, na ukishabonyeza endelea kuzunguka." Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Mkono wa binadamu hupenda kusimama pale pale kidole kinapobonyeza, na picha nzima huwa ukungu.

Sasa utajifunzia wapi kuzunguka? Malindi ungesimama barabarani ukawafuata bodaboda. Mji wetu ni wa punda, na punda hakufundishi mwendo. Nikaona boti! Boti za Shela hupita mbele ya mji siku nzima zikikata maji, na nahodha huketi pale nyuma kama shabaha. Nikawa nasimama ukingoni, miguu nimeipanua, nageuka nao kutoka kushoto hadi kulia. Watoto walinifuata wakigeuka na mimi. Nilipoweza kuipata sura ya nahodha bila ukungu kabisa, na maji nyuma yake yamevutika kuwa mistari, nikajua ndege sasa ni zangu.

Jua nalo lina vituko vyake. Saa sita mchana, kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kushika mwanga) na 1/125, huna budi kufunga tundu la lenzi hadi f/16 hivi, na hapo kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye sensa hujitokeza angani kuwa doa. Filta ya kupunguza mwanga ilinitoa. Lakini joto linalopanda kutoka kwenye lami halina filta, ndege huonekana inayeyuka. Siku hizi mchana nalala, navuka alasiri, jua likiwa upande wa mji, mgongoni mwangu, likiimulika ndege ubavuni.

Na yule mzee aliyenicheka ndiye aliyenipa siri ya upepo: ndege hushuka ikiukabili. Kusi ikivuma, nazisubiri zitokee upande wa kaskazini. Anayekwambia urushe droni karibu na kiwanja mkimbie, utalala ndani.

Picha nyingi bado zinaharibika, na wote wanaopiga hivi zinawaharibikia, tusidanganyane. Lakini ninayo Caravan moja, herufi zake zasomeka na duara la rafadha limejaa. Nimeisafisha ukubwa wa meza nikaitundika sebuleni. Sasa nafukuzia Dash 8, ndege kubwa zaidi yenye rafadha mbili. Rafadha zake huzunguka polepole zaidi, kwa hiyo nimeteremka hadi 1/80, na kiuno kinaniuma.