Baiskeli Isiyo na RB

Mwaka juzi baiskeli yangu iliibwa barazani kwa jirani, Ngamiani, tulipokuwa tumeingia kuswali magharibi. Mwenyekiti wa mtaa aliarifiwa, mafundi baiskeli wakaulizwa, lakini kituoni sikwenda wala RB, ile namba ya taarifa ya polisi, sikuchukua. Katika hesabu za polisi, basi, wizi ule haukutokea.

Ni kwa sababu ya pengo la namna hiyo kwamba Marekani ilianzisha, mwaka 1972, utafiti wa taifa unaowafuata watu majumbani na kumuuliza kila mwenye umri wa miaka 12 au zaidi kama ameibiwa, ameporwa au amepigwa katika miezi 6 iliyopita, awe alitoa taarifa au hakutoa. Mauaji hayamo, kwa kuwa marehemu haulizwi. Uingereza ilianza utafiti wake mwaka 1982, na miaka 10 baadaye wakazi wa Dar es Salaam nao wakahojiwa katika utafiti wa kimataifa wa aina hiyo.

Linalonivutia zaidi ni vita vya watafiti hawa na kumbukumbu, maana tukio lililomuuma mtu huelekea kusogea karibu kuliko tarehe yake ya kweli, likaingia katika miezi isiyolihusu na kuivimbisha hesabu. Mimi mwenyewe ningeapa kwamba niliibiwa baada ya Idi, mpaka mke wangu aliponikumbusha kuwa jioni ile nilikuwa nimetoka kununua tende za futari. Nchini Marekani kaya hurudiwa mara 7 katika muda wa miaka 3 na nusu, na kwa miaka mingi majibu ya mahojiano ya kwanza hayakuingizwa katika makadirio, bali yaliwekwa kama mpaka, ili kisa kilichokwisha kusimuliwa kisihesabiwe tena. Kuitupa safari nzima ya mhoji ni gharama kubwa, lakini naiona ya haki.

Faragha nayo ina uzito wake: mwanamke anayepigwa na mumewe hawezi kulisema hilo huku mume ameketi mkekani anasikiliza, na nyumba zetu za vyumba sita, ukumbi mmoja, zina masikio mengi.

Asiyetoa taarifa huulizwa pia sababu. Yangu ni fupi: baiskeli niliinunua mkononi kwa mtu, na risiti sikuwa nayo.