Kiungio kilichong'aa

Leo tumechomelea viungio sita vya mabomba ya AC kwenye nyumba moja ya wageni. Kijana ninayemfundisha kazi akapitisha kitambaa juu ya kile cha mwisho, akasema, "Fundi, hiki kama kimetoka kiwandani." Kweli kilikuwa kinang'aa. Kupima kama kinavuja, nikafungulia gesi ya nitrojeni ndani ya bomba mpaka geji ya shinikizo ikasoma psi 500, nikapaka povu la sabuni. Upande wa ukutani, ambako jicho halifiki, kikaanza kutoa kipovu kimoja kidogo kama kichwa cha pini. Tukakikata, tukaanza upya, huku mwenye nyumba akitukumbusha kwamba wageni wanaingia saa kumi.

Jioni nikarudi kwenye habari za Thresher, ambazo nazisoma wiki nzima hii. Sijui kwa nini fundi friji anahangaika na nyambizi ya nyuklia ya Marekani. Ila mabomba yake mengi ya maji ya bahari yaliunganishwa kama ninavyounganisha mimi, kwa waya wenye madini ya fedha.

Ilizama tarehe 10 Aprili 1963, mashariki ya Cape Cod, ikijaribiwa kwenye kina kirefu baada ya matengenezo. Watu 129, na 17 kati yao raia waliopanda kwa ajili ya kazi ya kiufundi. Hao ndio hawanitoki kichwani. Kina ilichoruhusiwa kilikuwa kama mita 400. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti: huko maji yanasukuma kwa psi 580 hivi. Karibu sawa na geji yangu ya leo! Tofauti ni kwamba kwangu kikivuja, mgeni analala na joto.

Wakiwa bado gatini, walipima viungio kama 145 kwa mawimbi ya sauti. Takriban asilimia 14 havikufikia kiwango. Vilivyobaki, maelfu, havikupimwa hivyo, maana meli isingetoka kwa wakati. Nikamkumbuka mwenye nyumba na saa kumi yake.

Tume ya uchunguzi iliona kwamba huenda bomba lilipasuka kwenye chumba cha injini, maji yakarukia umeme, kinu cha nyuklia kinachoiendesha kikajizima. Bila kinu hakuna nguvu ya kupanda. Wakafungulia hewa ya kusukuma maji kutoka kwenye matangi, nayo haikutosha. Baadaye nyambizi nyingine ya aina ileile, Tinosa, ilijaribiwa gatini: unyevu uliokuwa ndani ya hewa ukaganda kwenye vichujio, njia ikaziba. Hapo niliweka simu chini. Kila fundi friji anajua unyevu unavyoganda kwenye kepilari, kile kibomba chembamba cha gesi, friji ikaacha kupoza huku mashine inaunguruma.

Mwaka huohuo Wamarekani wakaanzisha mpango wa SUBSAFE. Kwa mambo yanayozuia maji na yanayoirudisha nyambizi juu, neno la fundi kwamba "iko sawa" halitoshi. Lazima pawe na karatasi: chuma kimetoka wapi, nani alichomelea, nani alipima, kipimo kilisoma ngapi. Kabla ya hapo, tangu 1915, walipoteza nyambizi 16 kwa ajali zisizo za vita. Baada yake ni moja tu, Scorpion, mwaka 1968, watu 99, na hiyo ilikuwa haijapata cheti cha mpango huo. Urusi nako, mwaka 2000, nyambizi yao Kursk iliondoka na watu 118. Uchunguzi wao ulisema kemikali ya torpedo, kombora la chini ya maji, ilivuja. Tena mambo ya kuvuja.

Sasa niseme langu. Mwezi uliopita kuna AC niliikabidhi bila kuilaza na nitrojeni usiku kucha kuona kama geji itashuka. Nilitest dakika kumi, mteja akiwa amesimama nyuma yangu na funguo za gari mkononi. Kwenye daftari langu safu ya kipimo iko wazi.

Nimempigia mteja huyo saa tatu usiku, nikamwomba nipite Jumamosi, bure.

"Kuna nini, fundi? Mbona inapoza vizuri tu?"

Nikamwambia nakuja na geji.