Jinsi nilivyofunga hoja ya mabomba kwenye ukaguzi wa CAG

Ukisema wewe ni mhasibu wa mamlaka ya maji watu wanadhani kazi ni bili na wadaiwa sugu tu, kumbe bili afadhali, mteja akilipa kwa control namba inaonekana kwenye mfumo. Mtihani ni mabomba. Mali kubwa ya mamlaka imefukiwa chini na wewe unatakiwa useme ni mita ngapi, yamelazwa lini na yana thamani gani leo.

Kwetu rejista ya mali ilikuwa na mstari mmoja, "mtandao wa maji", na mahela mengi mbele yake, basi. Wakaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakaandika hoja, yaani dosari tunayotakiwa kuijibu. Halafu kulikuwa na miradi imeshaisha, watu wanachota maji kila siku, lakini kwenye vitabu bado inasomeka ujenzi unaendelea eti kwa sababu mkandarasi hajamaliziwa ile hela ya dhamana inayozuiwa kwenye malipo yake, kwa hiyo hakuna uchakavu, yaani thamani ya mali inayopungua kila mwaka, unaokatwa na ziada ya mwaka inaonekana nzuri kumbe ya uongo. IPSAS, vile viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, haiangalii mkandarasi kalipwa au la, uchakavu unaanza mali ikishakuwa tayari kutumika. IPSAS 17 ilisema hivyo na IPSAS 45 iliyochukua nafasi yake kuanzia Januari 2025 haijabadilisha hilo.

Nikaachana na eksel kwanza nikamfuata fundi bomba wetu wa siku nyingi. "Shikamoo mzee, hili la sokoni la lini?" "Marahaba mhasibu, la chuma nimelikuta, hili la plastiki tumelifukia sisi, lile la asbesto limekufa lakini lipo humo humo." Sasa hilo lililokufa kwenye vitabu lilikuwa linadunda tu! Tukazunguka naye na kijana wa ramani, kila valvu na kila chemba ya majitaka anapiga pointi kwenye simu, kipenyo, aina ya bomba, mwaka, mtaa.

Bei za miradi mipya nilizitoa kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, na hati za malipo ya mkandarasi, tarehe nikachukua ya cheti cha kukamilika kazi. Ya zamani hayana karatasi kabisa, hapo tukaleta mthamini, akakadiria gharama ya kulaza jipya leo akatoa uchakavu. Yaliyokufa yakapelekwa bodi yafutwe, na bodi nao wakabishana weee.

Wakaguzi waliporudi wakajichagulia mistari wenyewe kwenye rejista, wakapelekwa saiti, mzee anawafunulia valvu moja moja huku wanalinganisha na namba. Hoja ikafungwa.

Ila ingejirudia mwakani, ndo maana siku hizi malipo ya mwisho ya mradi hayapiti mezani kwangu bila mhandisi kuambatanisha mchoro wa bomba lilivyolazwa. Wakandarasi wananuna lakini wanaleta.