Usiku Walipotolewa Watu 17

Ramadhani ya 2016 klani yetu ya Clash of Clans, mchezo wa simu ambapo kundi la wachezaji, yaani klani, hupigana vita na kundi jingine kwa kushambuliana vijiji, ilikuwa na watu 44 kati ya nafasi 50. Wengi walikuwa Tanga, Unguja na Mombasa, sita Dar es Salaam, na wanne Muscat, watu wa kwetu walioko huko kikazi au waliozaliwa huko na Kiswahili bado kinasemwa nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Usiku mmoja wa kumi la pili, saa tano kasoro dakika kumi, wengi ndiyo kwanza wametoka tarawehe, naibu wetu mmoja aliwatoa kwenye klani watu 17 mmoja baada ya mwingine, kisha akaondoka mwenyewe. Vita vya 20 kwa 20 vilikuwa vinaanza saa sita.

Saa sita hiyo hatukuiokota. Vita vina saa 23 za maandalizi na saa 24 za mapigano, jumla 47. Klani inayoanzisha vita vipya mara tu vya zamani vinapoisha hujikuta saa ya mwisho inarudi nyuma kwa saa moja kila mara. Ukianza na mwisho wa saa sita usiku, baada ya vita sita unafika saa kumi na mbili jioni, watu wako kwenye futari na simu ziko chaji. Na saa tatu za mwisho ndizo zinazoamua kila kitu, kwa sababu kila mtu ana raundi mbili, yaani mashambulizi mawili, na ile ya pili ya watu wazuri huwekwa akiba ya kusafisha vijiji vilivyoshindikana. Kwa hiyo Ramadhani nzima tulikuwa tukimaliza vita saa sita usiku, tunapumzika saa moja, tunabonyeza kutafuta mpinzani saa saba. Mapigano yanaanza saa sita ya usiku unaofuata na kwisha saa sita ya usiku mwingine. Mzunguko wa saa 48 kamili, na hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya vita na futari.

Naibu yule alikuwa kijana wa Mombasa, mshambuliaji hodari kuliko sote. Akiwa Town Hall 9 (ngazi ya jengo kuu la kijiji), au TH9 kama tunavyoandika, alikuwa akipata nyota tatu, yaani kubomoa kijiji kizima, kwa Lava Hound na maputo, askari wa angani, kazi inayotaka umuue kwanza malkia wa adui, shujaa anayelinda kijiji chake, uvute na kuwamaliza askari wa kasri lake, wale anaogawiwa na wenzake wa klani, kisha uzifikie Air Defense (mitambo ya kutungua vya angani) zote nne kabla maputo hayajaisha. Nilimpa unaibu kwa ajili ya mkono huo. Lilikuwa kosa langu, na nimeliona katika klani nyingi: cheo chenye mamlaka ya kutoa watu hutolewa kama zawadi ya kupiga vizuri. Mzee, cheo kilicho chini ya naibu, anaweza kualika na kumtoa mwanachama wa kawaida tu. Naibu anaweza kuwatoa wanachama na wazee, kuanzisha vita na kupandisha watu vyeo. Hawezi kumgusa naibu mwenzake wala kiongozi. Sisi tulikuwa na manaibu sita. Kila mmoja wao, usiku wowote, alikuwa na uwezo wa kuwafuta watu 37.

Chanzo kilikuwa ndugu yake. Sheria yetu ilikuwa kwamba ukikosa raundi zako zote mbili, unakaa nje vita vinavyofuata, na ukijua huna nafasi, unaweka alama nyekundu kwenye wasifu wako kabla ya saa saba ili usichaguliwe. Ndugu yake hakuweka nyekundu na hakupiga. Jioni ile naibu aliniandikia kwenye gumzo la klani, "Kaka, mtu alikuwa safarini, mtandao ulikata njia nzima kuanzia Segera. Mwache arudi." Nikamjibu hapo hapo, mbele ya watu 40 na zaidi, kwamba sheria haina ndugu. Sheria ilikuwa sawa. Mahali pa kuisema hapakuwa sawa, na mtu aliyefunga mchana kutwa hatakiwi kuonywa kadamnasi. Nilipaswa kumpigia simu.

Nilipofungua mchezo nilikuta gumzo limejaa taarifa za kutolewa, jina chini ya jina, na zote zinamtaja yeye. Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kuwarudisha watu. Niliwashusha manaibu wote watano waliobaki kuwa wazee, maana sikujua kama ni mmoja au ni kundi, na anayeweza kushusha naibu ni kiongozi peke yake. Ilichukua chini ya dakika moja. Jambo la pili niliandika kwenye kikundi cha WhatsApp: "Naomba mtu yeyote asiandike kitu kwenye gumzo la klani." Hili ndilo ninalowasisitizia viongozi wapya. Gumzo la mchezo halihifadhi kila kitu. Ujumbe mpya husukuma wa zamani hadi unapotea. Yale majina yaliyokuwa kwenye taarifa za kutolewa ndiyo yalikuwa mlango wetu: unabonyeza jina, unafungua wasifu, unabonyeza mwaliko. Watu 20 wakianza kuandika "jamani kumetokea nini", majina yanapanda juu na kutoweka, nawe huna pa kumtafutia mtu.

Mpangilio wa mialiko nao una maana. Kati ya 17 waliotolewa, 9 walikuwa kwenye orodha ya vita. Orodha ikishafungwa wakati wa kutafuta mpinzani haibadiliki. Huwezi kumweka mwingine mahali pa aliyetoka, kijiji chake kinabaki kwenye ramani kikishambuliwa, na raundi zake mbili zinapotea mpaka arudi mwenyewe ndani ya klani. Habari njema ni kwamba akirudi kabla vita havijaisha, anapiga kama kawaida. Kwa hiyo nilianza na wale 9, TH9 kwanza, TH8 baadaye, halafu wanane waliokuwa nje ya vita. Wazee nao wakaalika kutoka Tanga na Unguja, tukigawana majina kwenye WhatsApp ili watu wawili wasipoteze muda kwa mtu mmoja.

Saa tano na nusu aliingia wa kwanza, mwanafunzi wa Unguja, akauliza, "Kaka, nimekosa nini?" Kila aliyerudi aliuliza swali hilohilo au alikuwa nalo moyoni. Nilimjibu kila mmoja kwa jina lake kwamba hakukosa kitu. Mtu aliyetolewa bila sababu huona aibu kwanza, na aibu hiyo isipoondolewa anakaa siku mbili, kisha anaondoka kimyakimya kwenda klani nyingine.

Kumbe kosa kubwa zaidi lilikuwa hapo. Kati ya wale 17, ni 6 tu waliokuwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Wengine 11 tuliwajua kwa majina ya mchezo, basi. Mwaliko unawafikia wanapofungua mchezo, lakini mtu akikuta yuko nje anaweza kukasirika akaingia klani ya kwanza anayoiona. Na hata akitaka kutafuta kwenu mwenyewe, majina ya klani yanafanana. Klani kadhaa zinaweza kuitwa jina lilelile, herufi kwa herufi. Kinachotofautisha ni ile alama inayoanza na #. Wengi hawakuwahi kuiangalia.

Mpaka saa tisa alasiri ya Jumamosi tulikuwa tumewapata 7 kati ya 9. Mmoja wao alikwishaingia klani ya watu asiowajua, akakubali mwaliko, akawaaga kwa heshima na kurudi. Kwa hesabu tulikuwa na watu 17 kati ya 20: wawili hawakupatikana, na wa tatu ni naibu mwenyewe, aliyekuwa namba 3 kwenye ramani, ambapo vijiji hupangwa kuanzia chenye nguvu zaidi. Raundi 34 badala ya 40. Tulizipanga upya. Kwa kawaida kila mtu hupiga kwanza kijiji cha namba yake upande wa pili, raundi ya pili inasubiri. Safari hii niliwaomba namba 5 hadi 9 wasiguse TH10 za juu hata kidogo, wachukue nyota tatu za uhakika kwa TH9 zilizo chini yao. Nyota mbili kwa kijiji cha juu na nyota tatu kwa cha chini si sawa pale ambapo huna raundi za kurudia.

Bahati ni kwamba makasri ya vita yalikuwa yamejazwa tangu saa tisa alasiri ya Ijumaa, kabla ya lile tukio. TH9 alikuwa na nafasi 30 na TH8 nafasi 25. Tulikuwa tukiweka dragoni mmoja wa nafasi 20, mchawi wa moto wa 4 na mpiga upinde mmoja kwa TH8. Kwa TH9 Witch (mchawi wa kike) wawili wa nafasi 12 kila mmoja, mchawi wa moto na wapiga upinde wawili. Askari wa kasri la vita hawaishi baada ya shambulio moja, wanamkuta kila mshambuliaji upya, ndiyo maana kuliacha tupu ni hasara ya mara nyingi. Aliyewagawa wengi ni dada wa Muscat, mmoja wa wale manaibu watano.

Yeye ndiye niliyemuumiza usiku ule. Alifungua mchezo saa nane usiku kwa saa za kwao, akajikuta mzee. Akaniandikia pembeni, "Kaka, miaka miwili nagawa askari hapa, nami umeniona mwizi?" Nilimpigia simu baada ya daku. Nilimweleza kwamba mlango ulikuwa wazi na sikuwa na muda wa kuuliza nani ana ufunguo. Alisikiliza, akasema kilichomuuma ni kukuta jambo limeshafanyika bila hata mstari mmoja wa maelezo. Alikuwa na haki. Sentensi moja kwenye WhatsApp, "nawashusha wote kwa muda kwa usalama", ingetosha.

Tulipoteza kwa nyota 46 kwa 49. Raundi moja ilikosekana kwa mtu wa Dar ambaye umeme ulikatika na simu ikazimika; nyingine ilikatika katikati mtandao ulipoyumba, na raundi ikishaanza, hata ukitupwa nje, inahesabiwa umeitumia.

Kuanzia Jumapili tulijenga upya. Walirudi 11 kwa jumla kati ya 17, tukawa 37. Manaibu nikawarudisha watatu tu, dada wa Muscat wa kwanza, na kigezo kikawa kingine: nani anagawa askari wakati hana anachoomba, nani akiona ugomvi anaupeleka pembeni. Mshambuliaji bora akabaki mzee na kupewa jina la kocha, bila ufunguo.

Kwa wapya, mlango uliwekwa kwa mwaliko tu na vikombe 1,200, yaani pointi za mchezaji. Vikombe havisemi mengi, vinapunguza tu idadi ya maombi. Maelezo ya klani tuliyaandika kwa Kiswahili kitupu, mistari minne: vita mara tatu kwa wiki, mwisho saa sita usiku, alama nyekundu kama malkia anapandishwa ngazi, na nambari ya kujiunga WhatsApp utapewa ndani. Lugha hiyo ilichuja kuliko vikombe. Mtu akiomba, tuliangalia wasifu wake kwa mpangilio huu: nyota za vita alizokusanya, askari aliogawa msimu huo dhidi ya aliopokea, ngazi za mfalme na malkia, kisha kuta za kijiji. TH9 mwenye mfalme wa ngazi ya 5 na kuta za TH7 amekimbiza Town Hall, yaani amepandisha jengo kuu na kuacha mengine nyuma. Anaongeza uzito wa klani wakati wa kutafuta mpinzani na hana cha kupigia. Huyo hatukumfukuza, tulimwambia abaki na alama nyekundu mpaka mfalme afike 10 na kuta zipande.

Mwezi mmoja tu nyuma mchezo ulikuwa umeleta mashambulizi ya kirafiki, ambapo mwenzako wa klani anapiga kijiji chako bila kupoteza askari. Tukafanya huo kuwa mtihani. Mgeni anapewa kijiji cha TH ya ngazi yake, anapiga mara mbili, na mzee mmoja anatazama. Hatukuhesabu nyota peke yake. Tulitazama kama alivuta kwanza askari wa kasri, kama alitupa jeshi lote mahali pamoja, na raundi ya pili kama alirekebisha la kwanza. Asiyerekebisha hafundishiki kwa haraka. Baada ya hapo siku tatu za kuangalia kama anagawa, ndipo anaingia vitani.

Na nikanunua daftari. Kurasa zake nilizichora safu tano: jina la mchezo, ngazi ya TH, mji, namba ya simu, raundi zilizokosekana. Kila mwanachama alipewa alama ya klani yenye # na kuombwa aiandike mahali. Wale wawili wa vita ambao hatukuwapata niliwaandika pia, nikiyatoa majina yao kwenye ramani ya vita kabla haijafutika. Mmoja aliibuka Agosti. Alikuwa amepoteza simu. Wa pili, TH8, mgawaji mzuri, yupo ukurasa wa kwanza, mstari wa kumi na nne. Safu ya mji nimeandika Tanga, ya simu iko tupu.