Kutoka Mlango wa Hema

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Mwanzo 18:1-8, ila nitaanzia Nashville, Tennessee, maana ndiko somo hili liliponikamata.

Tuliondoka Louisville Ijumaa asubuhi na kempa ya kukodi, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani. Watoto walikuwa wakiliomba tangu Pasaka. Tulipofika kambini Baba Neema alichomeka waya wa umeme, mimi nikafunga mpira wa maji, na watoto wakaanza kugombania kile kitanda kilicho juu ya dereva. Jioni tukaenda Broadway, ile barabara ya muziki ya Nashville.

Mji ule una raha yake, sitaficha. Karibu kila mlango una bendi yake, magitaa ya huku yanaingiliana na ngoma za kule, na taa za rangi zimewaka juu ya maduka ya buti kana kwamba usiku hauruhusiwi kuingia. Neema alisimama dirishani akimtazama mzee mmoja akipiga fidla, mpaka nikamvuta mkono. Hatua chache kutoka barabara ile upo ukumbi wa Ryman, ambao leo watu wanaujua kwa muziki, lakini ulipokamilika mwaka 1892 ulikuwa nyumba ya kuhubiria Injili. Thomas Ryman, mwenye meli za mtoni, aliokoka mwaka 1885 alipomsikia Sam Jones akihubiri hemani, ndipo akaazimia kuujenga. Tuliupita tu, watoto walikuwa na njaa.

Pale pale nje ya duka la buti simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kikundi cha ukoo: upepo umeezua mabati ya nyumba ya shangazi kule Tukuyu, mvua inaingia ndani, wanaoweza wachangie. Nikajibu: “Pole sana shangazi. Kwa sasa tuko safarini, tukirudi tutaangalia.” Nikarudisha simu mkobani. Halikuwa neno la uongo. Safarini tulikuwa kweli, na fedha tulikuwa tumezipangia: mafuta, kambi, chakula, akiba kidogo ya dharura.

Jumamosi tukaenda Chuo Kikuu cha Fisk, si mbali na katikati ya mji. Nilitaka watoto waone Jubilee Hall, lile jengo refu la matofali lililokamilika mwaka 1876, kwa sababu lilijengwa kwa fedha zilizopatikana kwa nyimbo. Chuo kilianza mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na miaka mitano baadaye madeni yalikuwa karibu kukifunga. Mhazini wake, George White, akachukua wanafunzi tisa, wengi wao waliozaliwa watumwa, na tarehe 6 Oktoba 1871 wakatoka kwenda kuimba ili wakiokoe chuo. Hawakuwa na nguo za baridi za kutosha. Zipo hoteli zilizowafukuza kwa sababu ya rangi yao.

Siku mbili baada ya kuondoka kwao, mji wa Chicago ukashika moto. Nao walikuwa Cincinnati, mwanzoni kabisa mwa safari, wakikusanya senti moja moja. Mapato ya tamasha lao pale hayakufika dola 50. Wakayatoa yote kwa walioungua Chicago.

Nilikuwa nikiwasimulia watoto habari hii, nami nikanyamaza katikati. Neema akauliza, “Mama, sasa wao walikula nini?” Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho kichwani ni lile neno nililoliandika jana yake: tuko safarini.

Wapendwa, ni wangapi kati yetu tunaoishi ugenini tumelifanya neno hilo kuwa nyumba? Tukipata makaratasi, tutasaidia. Tukimaliza deni la gari. Tukinunua nyumba. Tukitulia. Mimi mwenyewe nina mwaka wa kumi na moja huku na bado sijatulia. Sasa mtazameni Ibrahimu. Hakuwa na nyumba, alikuwa na hema. Hakuwa na hati ya shamba hata moja katika nchi ile. Tena ilikuwa mchana wa jua kali, naye ni mzee. Lakini alipowaona wale watu watatu, Neno linasema “alipiga mbio kuwalaki kutoka mlango wa hema.” Akamhimiza Sara akande vipimo vitatu vya unga mzuri, akakimbilia ng'ombe, akachagua ndama laini. Mkarimu huyu alikuwa msafiri, na hakuwaambia wageni warudi atakapojenga. Nimeisoma sura hii tangu Shule ya Jumapili, lakini macho yangu yalikuwa yakiruka hadi ahadi ya Isaka. Ule mlango wa hema sikuwa nimeuona.

Jioni ile hatukurudi Broadway. Tulikuwa tumepanga kula kuku wa pilipili ambaye Nashville inasifika kwake. Badala yake nilipika ugali na maharage ya kopo kwenye jiko la kempa, mlango wazi kwa sababu ya joto, na Baba Neema akatoa bahasha ya safari akaimwaga mezani. Tulitenga ya mafuta ya kuturudisha. Iliyobaki tukaituma, pamoja na ile ya dharura. Nilimwandikia shangazi anisamehe kwa jibu la jana.

Jumatano ikaja picha kutoka Tukuyu. Upande wa jikoni bado umefunikwa turubai la bluu. Neema aliikuza picha kwa vidole viwili, akayahesabu mabati mapya moja moja: saba.